Bei ya uoga: kununua nyumba katika mitaa ya Dar inayoinuka

Mnunuzi anayetembezwa na dalali Magomeni, Manzese au Tandale ana swali analolitanguliza kabla geti halijafunguliwa: vibaka wa huku wakoje? Ni haki yake kuuliza. Lakini kati ya yote atakayopaswa kuuliza siku hiyo, hilo ndilo jepesi kuliko mengine, na likishajibiwa kwa kumridhisha, yale mazito mara nyingi hayaulizwi tena.

Mitaa hii inainuka kweli. Mwendokasi ulianza kubeba abiria Mei 2016 kwenye kilomita 20.9 za awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, na mtu wa Manzese akawa jirani wa Posta (siku ambazo mabasi yapo, wasafiri wataongeza). Mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, umepeleka lami, mitaro na taa kwenye mitaa kama Tandale na Mburahati, ambako zamani mvua ikinyesha bajaji ilikuwa inageuza. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zinavunjwa moja moja, panasimama ghorofa nne. Magomeni kuna hata kituo cha mwendokasi kinachoitwa Usalama, na dalali mjanja hachelewi kukutajia.

Katika mitaa ya aina hii bei ya nyumba hushushwa na sababu za namna mbili, na kosa la wanunuzi wengi ni kuzichanganya. Bei iliyoshushwa na mwizi ni punguzo. Bei iliyoshushwa na maji, barabara au mirathi ni deni ambalo muuzaji anakuhamishia. Wizi huhama: taa zikiwaka, maduka yakichelewa kufunga na wapangaji wenye ajira wakijaa, uchochoro ule ule unakuwa mwingine baada ya miaka michache, na wewe uliyenunua kwa bei ya uoga unabaki na faida. Mto hauhami. Mstari wa hifadhi ya barabara hausogei kukupisha. Na mrithi wa saba aliyeko Muscat ambaye hakusaini atakuja tu, kwa kawaida mwaka ule ghorofa yako ikifika linta.

Mstari usioonekana

Tuanze na ramani, maana dalali huiuza mitaa hii kana kwamba ni kitu kimoja. Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke zina maeneo makubwa yaliyopimwa viwanja tangu enzi za mkoloni. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970, chini ya mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Watu walijenga baada ya barabara kuchorwa. Manzese, katika mradi huohuo, iliboreshwa ikiwa imeshajaa nyumba, hivyo barabara na mabomba vilipitishwa palipobaki nafasi. Kutoka Manzese hadi Sinza unakwenda kwa miguu, lakini Sinza lori la mchanga linamwaga mlangoni na Manzese ya ndani mchanga unamalizia safari kwa toroli.

Toroli hilo si jambo dogo. Chukua tepu, pima njia ya kufikia nyumba pale ilipo nyembamba kuliko pote. Chini ya mita 3, gari la zimamoto halifiki. Gari la maji taka nalo halifiki, na likishindwa, shimo la choo litamwagwa na vyura, vijana wanaozamia wenyewe shimoni kwa ndoo, kazi ya hatari kwao na ya aibu kwa mtaa mzima. Kila lori la kokoto utalilipa mara mbili, mara moja kwa dereva na mara moja kwa vijana wa toroli. Na benki ikija kuthamini nyumba kwa ajili ya mkopo, mthamini ataiandika njia hiyo kwenye ripoti yake hata kama wewe umeizoea.

Kisha kuna hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuhesabu kutoka katikati ya barabara. Hapo ndipo zilipozaliwa X za rangi mbili zinazochorwa kwenye kuta za nyumba. X nyekundu ina maana nyumba imo ndani ya hifadhi ya zamani: utavunja kwa gharama yako, fidia hakuna. X ya kijani ina maana sheria ndiyo iliyokufuata wewe, na ukihamishwa unastahili kulipwa. Tofauti ya rangi hiyo inaweza kuwa tofauti ya thamani yote ya nyumba, lakini wapo wanaonunua pembezoni mwa barabara kuu bila kujua rangi ipi iko chini ya chokaa mpya. Nyumba ikiwa imepakwa rangi juzi, tazama nguzo ya geti na ukuta wa jirani. X huwekwa kwa mfululizo, na jirani asiyeuza hana sababu ya kuifuta yake.

Usidhani huduma ni ushahidi wa uhalali. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, ambako hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilihesabiwa mita 121.5, zilivunjwa nyumba zaidi ya elfu moja. Nyumba hizo zilikuwa na umeme na maji, na wenyewe walikuwa wakilipa bili. Mita ya LUKU inathibitisha kwamba una umeme, basi.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Mwombe muuzaji namba ya kitalu na ya kiwanja, kisha nenda mwenyewe kwa Afisa Mipangomiji wa halmashauri husika: Magomeni na Tandale ni Kinondoni, Manzese na Mburahati ni Ubungo. Omba kuona mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji. Mchoro unakuonyesha nini kinakusudiwa kupita pale, na ramani inakuonyesha kiwanja kinaishia wapi. Baada ya hapo mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa aje kutafuta bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) zote nne na kuzilinganisha na ramani. Bikoni tatu hazitoshi. Ile ya nne ndiyo kwa kawaida iko chini ya choo cha jirani. Katika mitaa iliyorasimishwa, yaani iliyopimwa ikiwa imeshajengwa, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu mchoro wa urasimishaji mara nyingi humega mita moja au mbili za kila kiwanja ili njia ipatikane, na mwenye nyumba akaafiki kwenye kikao lakini ukuta hajausogeza. Wewe unanunua nyumba na ukuta wake, na kuusogeza kunakuwa kazi yako.

Maji, na bustani itakayokuja

Bonde la Msimbazi ndilo somo kuu la jiji hili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamishia wengine Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 zikaja bomoabomoa. Na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 wa mradi wa kuliendeleza bonde, ukiwa na daraja la Jangwani na bustani ya jiji ndani yake. Dalali akikuonyesha nyumba ya Kigogo au Magomeni upande wa bondeni atakwambia: hapa mbele panakuja bustani. Ni kweli. Ila bustani inahitaji nafasi, na nafasi hiyo hupatikana kwa kuondoa nyumba za watu. Mwaka 2024 nyumba za Jangwani zilivunjwa kupisha mradi huo.

Kwa hiyo swali si kama mradi unakuja. Uliza mpaka wake unapita wapi, na uthamini umeshafanyika au la. Fidia ya ardhi kwa utaratibu wa Tanzania haiishii kwenye jengo na kiwanja. Inajumuisha posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Inaonekana nono, na wapo wanaonunua makusudi ndani ya eneo la mradi wakiitegemea. Ni kamari mbaya. Jina lililo kwenye daftari la uthamini ni la mtu aliyepigwa picha mbele ya nyumba siku ile, na mkataba wako wa mauziano wa wiki iliyopita hauwezi kuingia kwenye picha.

Nje ya eneo la mradi bado kuna mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Mto Msimbazi una matawi, na mifereji mingi ambayo Januari unaivuka kwa hatua moja ni mito halali kwenye ramani. Pima kutoka ukingo wa wakati wa mvua. Ukingo wa kiangazi unadanganya.

Nyumba itazamwe masika, kati ya Machi na Mei, au walau vuli. Anayeuza nyumba ya bondeni hupenda Agosti. Ukilazimika kuiona kiangazi, soma alama: lipu iliyobanduka kwa usawa mmoja vyumba vyote, rangi mpya iliyoishia kiunoni mwa ukuta, kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali mbili, friji la mpangaji juu ya mawe, soketi zilizohamishiwa juu karibu na swichi. Mpangaji wa chumba cha uani atakuambia ukweli wote kwa soda moja, ilimradi mwenye nyumba asiwepo.

Lami mpya imeleta tatizo lake, ambalo watu hawalitarajii. Mkandarasi anapojaza kifusi na kushindilia, barabara hupanda juu ya sakafu za nyumba za zamani. Mtaa unapendeza, nyumba inabaki shimoni, na maji ambayo zamani yalikuwa yakipita mbele ya mlango sasa yanaingia. Simama barabarani utazame kizingiti: kikiwa chini ya ukingo wa lami, hesabu kifusi, sakafu mpya na pengine paa jipya, kwa sababu ukipandisha sakafu sentimita 60 ndani ya nyumba yenye kimo cha mita 2.7 kichwa kinakaribia dari. Halafu fuata mtaro mpya kwa miguu mpaka unapoishia. Mtaro unaoishia kwenye mtaro mkubwa wa zege ni mali ya mtaa. Unaoishia ghafla nyuma ya nyumba fulani umeifanya nyumba hiyo kuwa bwawa, na ukiona inauzwa utajua sababu.

Warithi

Magomeni ni mtaa wa mirathi. Waliojenga walijenga miaka ya 1950 na 1960, wamefariki, na nyumba imebaki ya watoto wa mama watatu tofauti, wajukuu wakikaa uani. Bei inapopanda ndipo kila mmoja anapokumbuka undugu. Hii ndiyo hatari inayoua mauzo mengi katika mitaa ya zamani, na ndiyo inayochekewa zaidi: tunaambiwa ukoo umekubaliana, muhtasari wa kikao upo, mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri.

Muhtasari wa ukoo haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Anayeuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama ni Mahakama ya Mwanzo, barua yake ni Fomu Na. IV. Usiishie hapo. Uliza pia Fomu Na. V, orodha ya mali, uone kama nyumba unayouziwa imo. Na Fomu Na. VI, hesabu za mgawanyo. Kama Fomu Na. VI imeshawasilishwa na mahakama ikafunga jalada, msimamizi ameshamaliza kazi yake, na mali iko mikononi mwa warithi wenyewe. Saini yake peke yake imekwisha nguvu. Nenda na namba ya shauri mahakamani ukaone jalada. Kisha, kama kuna hati, hakikisha jina la msimamizi limesajiliwa kwa Msajili wa Hati kabla ya kukuuzia. Hatua hii hurukwa kwa sababu inachukua muda, na matokeo yake mnunuzi anabaki na mkataba mzuri wa kununua kutoka kwa mtu ambaye daftari la ardhi halimjui.

Muuzaji akiwa hai, kuna mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi, mbele ya wakili, na mwenza awepo mwenyewe na kitambulisho. Mwenye wake wawili ana ridhaa mbili. Anayedai hana mke aape hivyo kwa kiapo, na wewe uliza majirani hata hivyo.

Kuhusu aina ya karatasi: hati miliki ya miaka 33, 66 au 99 ni kitu kimoja, leseni ya makazi ni kingine. Leseni ilibuniwa kwa ajili ya mitaa isiyopimwa, ina muda mfupi usiozidi miaka 5 kwa kila toleo, na huhuishwa. Tazama tarehe. Leseni iliyokwisha muda zamani inaonyesha nani alikuwa akikaa pale, na umuhimu huo si mdogo, lakini usiilipie bei ya hati. Mkataba uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi wa mauziano tu. Zipo serikali za mitaa zinazodai asilimia 10 ya bei ili zigonge muhuri huo. Tozo hiyo haimo katika Sheria ya Ardhi, na anayekubali kulipa adai stakabadhi yenye namba ya malipo ya serikali aone majibu.

Penye hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili. Utakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki na zuio kama lipo. Fanya mara mbili: kabla ya kulipa chochote, na asubuhi ya siku ya kusaini. Wiki tatu zinatosha kabisa kwa muuzaji mwenye shida kuipeleka hati benki.

Jirani anachimba

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo zima. Somo analolipuuza mnunuzi wa nyumba ya chini ni kwamba mtaa unaoinuka ni mtaa unaochimbwa. Nyumba yako ya tofali yenye msingi wa futi 2 itakaa sentimita chache kutoka shimo la mita 3 la jirani mwenye mpango wa ghorofa tano na maegesho ya chini. Udongo wa mchanga wa Dar hausimami wima bila kuzuiwa. Ukimwagika shimoni unatoka chini ya msingi wako, na nyufa za mshazari zinaanza kwenye kona za madirisha.

Kabla ya kununua, tembea viwanja vinne vinavyokuzunguka. Kimoja kikiwa kimezungushiwa mabati, tafuta bango la ujenzi: linapaswa kuonyesha mwenye jengo, mkandarasi, mhandisi, msanifu na namba ya kibali. Mabati bila bango ni taarifa tosha. Piga picha zenye tarehe za kuta zote za nyumba unayonunua, ndani na nje, mpangaji akiwa shahidi. Jirani akianza kuchimba mwaka ujao, bila picha hizo hutaweza kuthibitisha ufa upi ni wake.

Jengo lenyewe halihitaji maneno mengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei unalipia ardhi. Gonga kuta: nyingi ya nyumba hizi ni miti na udongo zilizopigwa lipu ya saruji, na mlio wa debe chini ya kidole unakujulisha kwamba lipu imeachia. Tazama boriti kama zina mchwa. Paa la karatasi za zamani za kijivu zenye mawimbi mapana lichukulie kuwa asbesto mpaka fundi athibitishe vinginevyo, na gharama ya kuliondoa kwa usalama iingie kwenye mazungumzo ya bei. Nondo zinazochungulia zikiwa zimevimba kwa kutu zinaashiria mchanga wa chumvi. Uliza choo kinakwenda wapi, bomba la DAWASA au shimo, na kama ni shimo lilinyonywa lini.

Vibaka, sasa

Hofu ipo na ina historia yake. Kila anayeishi Dar anakumbuka taharuki za Panya Road, magenge ya vijana wahalifu. Lakini hofu hupimwa. Nenda mtaani mara nne: saa 11 alfajiri watu wanapokwenda kazini, saa 8 mchana, saa 1 jioni, na saa 5 usiku. Tembea kutoka kituoni hadi getini ukihesabu taa zinazowaka, zilizopo lakini hazikuwaka, na hatua zilizo gizani. Mita 150 za giza kati ya lami na geti zinaweza kumalizwa na taa tatu za sola na fundi wa siku moja. Mita 600 ni kazi ya halmashauri.

Kipimo ambacho hakidanganyi ni wakala wa fedha. Muulize anafunga saa ngapi. Anayefunga saa 4 usiku huku ameketi nje chini ya mwavuli amekupa ripoti ya polisi. Anayefunga saa 12 jioni nyuma ya nondo naye amekupa. Cha pili ni bodaboda wa kijiwe cha kituoni: muulize nauli ya kuingia ndani saa 6 usiku. Bei ikiwa mara mbili ya mchana ni kawaida, akikataa kabisa kuingia fikiri upya. Mama ntilie anayewasha jiko saa 10 alfajiri kila siku kwenye kona ileile ni ulinzi kuliko kamera. Na penye ulinzi shirikishi, omba kuona daftari la michango. Nyumba nyingi zikiwa zinalipa, doria ipo. Zikiwa zinalipa chache, kuna vijana wenye filimbi tu.

Majibu yote haya yakiwa mabaya kiasi, hapo ndipo pa kununua, kama ramani, maji na karatasi vimekaa sawa. Grili, taa, ukuta wa tofali za inchi 6 na mlango wa chuma vina bei inayojulikana. Ipate kwa fundi, izidishe mara moja na nusu kwa sababu ya mafundi wetu, kisha iondoe kwenye bei ya muuzaji.

Hesabu

Tuseme nyumba ya vyumba sita kwenye kiwanja cha mita za mraba 300 inauzwa shilingi milioni 150. Kila chumba kinapangishwa 80,000 kwa mwezi. Hiyo ni 480,000 kwa mwezi, milioni 5.76 kwa mwaka, yaani asilimia 3.8 ya bei kabla ya ukarabati, mwezi mtupu na kodi ya serikali. Hatifungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 bila choo kuziba. Kwa hiyo hununui kodi ya vyumba. Unanunua imani kwamba kiwanja kitapanda. Imani hiyo ina bei: 500,000 kwa mita ya mraba. Mpima akigundua kwamba mita za mraba 80 zimo ndani ya hifadhi au njia ya urasimishaji, zilizobaki ni 220, na bei halisi imekuwa takriban 682,000. Kabla ya kulia, mpigie dalali wa Sinza umuulize kiwanja chenye hati na barabara kinakwendaje.

Thamani ya ahadi nayo ikatwe kwa hatua. Mradi una tamko, upembuzi, mkataba, mkandarasi kuingia, zege kumalizika, na huduma kuanza. Bei za mtaani hupanda kwa kiasi chote kwenye tamko. Njia ya mwendokasi ya Mbagala ilikaa muda mrefu zege limekauka na mabasi hayajaja, na aliyenunua akihesabu mabasi alipanda daladala miaka yote hiyo. Magomeni Kota, wakazi waliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita na ghorofa za familia 644 zikazinduliwa Machi 2022. Lipia hatua iliyokwisha. Hatua inayofuata ikitokea itakuwa zawadi.

Weka pia gharama za kuhamisha milki. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida, au, tangu Sheria ya Fedha ya 2023, asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi kubwa, kwa mkazi asiye na kumbukumbu za gharama zake. Wengi wa wauzaji wa nyumba za urithi hawana kumbukumbu. Kodi ni yake lakini mkwamo ni wako, maana bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) uhamisho hausajiliwi, na muuzaji aliyekwisha kulipwa yote hana haraka ya kwenda TRA.

Ndiyo maana malipo yagawanywe na yapite benki. Sehemu ndogo siku ya kusaini mkataba, pamoja na fomu za uhamisho Na. 29, 30 na 35. Sehemu kubwa baada ya kibali cha uhamisho na risiti ya kodi ya ongezeko la mtaji. Na asilimia 10 au zaidi ibaki kwa wakili mpaka hati itoke kwa jina lako. Katika sehemu hiyo ya mwisho kata kodi za vyumba ambazo muuzaji ameshapokea mbele. Wapangaji wenye risiti za miezi sita watakuwa wapangaji wako bila kukulipa, na huwezi kuwatoa kesho. Kata deni la maji na la pango la ardhi. Nunua umeme wa 10,000 kwenye mita ya LUKU kabla ya kusaini: kodi ya majengo hukatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya chini, na makato makubwa kuliko hayo ni limbikizo utakalolirithi.

Siku ya makabidhiano, hata kabla ya kuhamisha jina la mita, badilisha kitasa cha geti. Nyumba ya vyumba sita iliyopangishwa miaka 20 ina funguo nyingi mtaani kuliko mwenyewe anavyokumbuka.